Bombo hadi Lutoboka na Mjomba: nani alistahili pesa yetu

Hii ni safari ya gari na feri hapa Uganda, kutoka Bombo, kaskazini mwa Kampala, hadi ufuko wa Lutoboka katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria. Naanza na hukumu, asiye na muda aishie hapa. Feri ya Bukakata, ambayo ni ya bure, ilituhudumia vizuri kuliko hoteli tuliyoilipia. Wachoma kuku wa Lukaya walituhudumia vizuri kuliko jamaa aliyetukodishia gari. Na Ziwa Nabugabo, ambako tulipanga kusimama kidogo tu tunyooshe miguu, ndiko ningerudi kesho nikipewa likizo.

Nilisafiri na Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu. Alikuwa fundi wa magari jeshini enzi za Amin, sasa ni mzee wa msikiti hapa Bombo, na goti lake la kulia likikunjwa muda mrefu linagoma kunyooka. Ana kisukari pia, kwa hiyo chakula chake hakingoji mtu. Nayasema haya kwa sababu wanaoeleza habari za visiwa vya Ssese wengi ni vijana wanaolala popote na kuamka wakitafuta mpira wa ufukweni. Mimi nilitaka kujua mengine. Ngazi ni ngapi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Ukiagiza samaki saa kumi, unamla saa ngapi? Yupo mtu wa kumshika mzee mkono anapopanda feri? Sikupata wa kunijibu, basi nayaandika mwenyewe.

Gari kwanza. Tulikodi Toyota Noah kwa jamaa mmoja wa Kampala, shilingi 150,000 za Uganda kwa siku, mafuta juu yetu, na amana ya 200,000. Kuchagua Noah najisifu mwenyewe: kiti cha mbele kiko juu kiasi kwamba mzee anaketi moja kwa moja, hashuki kama anayeingia shimoni, na kutoka ni kuweka mguu tu chini. Mwenye gari dogo la chini na mzee wa magoti watachokana kabla ya Mpigi.

Lakini jamaa mwenyewe! Mjomba alifungua boneti, akanusa, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa leso yake, akakitazama tena. Oili ilikuwa safi. Kisha akataka kuona spea. Haikuwa na upepo hata kidogo. Jamaa akasema tusiwe na wasiwasi, njia yote hadi Bukakata ni lami. "Basi itoe kabisa," Mjomba akamwambia, "tupate nafasi ya mizigo." Ikapelekwa kujazwa. Kiyoyozi tulichoahidiwa kilipuliza hewa ya joto, na kwa hilo hatukuwa na dawa ila madirisha.

Tulitoka Bombo baada ya alfajiri, tukaingia Northern Bypass hadi Busega. Hapo msiwe na haraka. Ujenzi wa barabara kuu mpya ya Busega–Mpigi unafuatana nanyi sehemu kubwa ya njia, na vumbi lake halichagui dirisha. Baada ya Mpigi mambo yanatulia. Pale Mpambire watengeneza ngoma wamezipanga kandokando ya barabara kwa ukubwa, kuanzia za kubebwa kiganjani hadi za kuzungukwa na watu wawili. Mjomba alishuka akazigonga karibu zote, akajadili ngozi na vijana, akaondoka bila kununua hata moja. Hawakununa. Nawapa alama kwa uvumilivu.

Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, ni karibu kilomita 75 kutoka Kampala. Maduara yale ya saruji ya kupigia picha mnayajua. Kijana mwenye beseni anakutoza shilingi elfu kumi akuonyeshe maji yakizunguka upande huu kaskazini mwa mstari, upande ule kusini, na katikati yanashuka wima na ua lake juu. Ni mchezo mtamu, lakini tusidanganyane. Nguvu itokanayo na dunia kujizungusha ipo kweli, ndiyo inayopinda vimbunga vikubwa, ila kwenye beseni, hatua chache kutoka kwenye mstari, ni ndogo mno haiwezi kufanya lolote. Maji yanafuata namna yalivyomiminwa. Mjomba alimwomba kijana arudie lakini safari hii amimine kutoka mkono wa pili. Kijana akacheka, akasema, "Mzee, hiyo ni bei nyingine." Lipieni ustadi wa mkono, unastahili.

Sasa, kwa wanaotarajia safari ya kandokando ya maji: barabara ya Masaka inakuficha ziwa karibu muda wote. Unaliona vizuri Lwera tu, kwenye kinamasi, upande wa kushoto ukielekea Masaka, mstari wa buluu nyuma ya mafunjo. Hapo pia ndipo unapoona jinsi ambavyo kinamasi kimeliwa na mashimo ya wachimba mchanga na mashamba ya mpunga. Wauza samaki wanasimama kando ya lami na ngege (sato) waliotungwa, na kamongo, yule wa kupumua hewa, amekunjwa mviringo na kukaushwa kwa moshi. Msinunue mkienda. Nunueni mkirudi, la sivyo gari litanuka safari nzima, na kama lenu halina kiyoyozi, ndiyo basi.

Daraja la Katonga mnakumbuka lilivyotutesa Mei 2023, mto ulipofurika na barabara ikafungwa, magari ya Masaka yakazungukia Mpigi ndani na Sembabule. Sisi tulivuka salama. Mjomba alitoa kichwa nje kukagua nguzo, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri.

Lukaya ni pa kukaa. Hapa Machi 1979 jeshi la Amin, na Walibya pamoja nalo, lilipigana na Watanzania, na lilipovunjika ndipo njia ya Kampala ilipofunguka. Mwaka ule Mjomba alikuwa kambini akirekebisha malori, na alinieleza kwa hasira ambayo bado ni mbichi jinsi magari yalivyokuwa yakirudi bila viakisi, bila matairi, mengine hayakurudi kabisa. Hasira yake ni ya fundi. Siasa hakuigusa.

Kisha akageukia kuku. Wauzaji wanalikimbilia gari na vijiti vya mapaja, maini, muchomo wa ng'ombe na gonja (ndizi) za kuchoma, na mgeni anaweza kuogopa. Tulia, zima injini, chagua mmoja. Mjomba alichagua mwenye kofia ya kusalia, akamwuliza kachinja nani na lini. Kijana akajibu bila kubabaika, akamtaja na mchinjaji kwa jina. Paja shilingi 5,000, gonja 1,000, chumvi na kachumbari juu yake. Kuku alikuwa ameiva hadi mfupani, moto, na tulikula dakika tano baada ya kusimama. Dakika tano! Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji mbele. Upungufu ni choo: kipo nyuma ya vibanda, cha kuchuchumaa, na kwa goti la Mjomba hakifai. Tulienda kituo cha mafuta kilicho mbele kidogo, cha kukaa, kisafi, bure ukijaza mafuta.

Nyendo, kabla ya kuingia Masaka mjini, unakata kushoto kufuata Bukakata. Jazeni tangi hapo, kisiwani lita ni ghali zaidi. Njia hii zamani ilikuwa ya murramu na mashimo, leo ni lami safi hadi majini, na ndiyo kipande bora cha kuendesha katika safari nzima: mashamba ya kahawa na migomba, magari machache, vilima vya upole.

Nabugabo iko njiani, unaingia kulia kwa kibao. Ni ziwa dogo lililokuwa ghuba ya Ziwa Victoria hadi mchanga ulipojikusanya ukalifungia nje, inakadiriwa miaka 4,000 iliyopita, na ndani yake wamo samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani. Mwaka 2004 liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Hayo ya vitabuni. Kwa goti, habari ni hii: ufuko ni tambarare kutoka mahali pa kuegesha gari hadi majini, nyasi fupi kisha mchanga mgumu, hakuna ngazi hata moja. Mjomba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia maji hadi chini ya magoti akasimama humo kwa muda mrefu kuliko nilivyomwona akisimama mahali popote mwaka huu. Maji yana rangi ya chai hafifu, yamepoa, hayana mawimbi. Kiingilio kilikuwa pesa ndogo tuliyompa mlinzi, naye akaleta kiti cha plastiki bila kuambiwa. Tulisali adhuhuri pale pale.

Bukakata. Kwenye gati kuna vibanda vya chapati na roleksi (chapati iliyoviringwa na mayai), na foleni ya malori, mengine ya shehena za dukani, mengine yanafuata zao la michikichi upande wa pili. Feri ni bure kwa watu na kwa magari, maana inahesabiwa kuwa sehemu ya barabara. Mwenye shaka na kitu cha bure, kama nilivyokuwa, anisikilize. Tuliambiwa abiria washuke, dereva peke yake aingize gari. Nikaona hapo ndipo Mjomba atakapokwama, maana mteremko wa chuma wa kuingilia unateleza. Askari polisi aliyekuwa akipanga foleni alimsikia Mjomba akinielekeza kwa Kiswahili chake cha kambini, rivasi kidogo, shoto, simama. Akakaza mgongo, akasema, "Afande, shikamoo," akaja kumshika mkono mwenyewe hadi kwenye benchi lililo kivulini. Mjomba hakumsahihisha kuhusu cheo.

Kuvuka kunachukua chini ya saa moja. Maboya ya kuvaa yalikuwepo na yalionekana, hayakufungiwa stoo. Kwa mtu anayetaka kuona ziwa, hapa ndipo lilipo: visiwa 84 vya Ssese vinaanza kujipanga mbele yako, vya kijani iliyokolea, na furukombe wanapiga kelele juu. Anayetaka njia ndefu zaidi ya majini iko MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka, safari ya saa tatu na zaidi kwa tiketi ya kulipia, na nafasi za magari humo ni chache. Kwa mwenye goti bovu nachagua Bukakata. Kukaa saa tatu mahali pamoja kungemgandisha Mjomba kabisa.

Bugala, kisiwa kikubwa, tulikipita kuanzia Luku, feri inakotua, na sisi tulipopita barabara ilikuwa murramu, nyekundu, iliyosawazishwa vizuri. Mandhari yamegawanyika. Kuna vipande vya msitu wa kweli, wenye baridi na tumbili, halafu ghafla michikichi, safu kwa safu, hadi macho yanachoka. Misitu hii nayo ina habari yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale, inayoenezwa na mbung'o, iliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Ssese visiwani wote. Miti ikapata nafasi. Sasa mawese yanairudisha nyuma, ingawa kila niliyezungumza naye kisiwani ana ndugu anayesomesha watoto kwa pesa za mawese, na sina jibu la kuwapa.

Tufike hotelini. Sitaitaja jina, iko Lutoboka chini kwenye ufuko, na picha zake zinapendeza. Chumba cha vitanda viwili shilingi 150,000 pamoja na chai ya asubuhi. Nilipopiga simu kabla ya safari nilisema mambo mawili tu: chumba cha chini, na mzee anakula mapema. Nikaambiwa, "Usijali, mama, tumeandika." Tulipofika chumba kilikuwa juu mlimani, ngazi za mawe, bila pa kushikilia. Mjomba alizitazama, akazihesabu kwa kidole kama anayekagua gwaride: thelathini na saba. Msimamizi akasema vyumba vya chini vimechukuliwa na kundi la harusi kutoka Masaka. Akatuambia pia kwamba mandhari ni mazuri zaidi juu.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa geti, kijana wa Koboko, kule West Nile. Aliposikia salamu zetu aliwacha rungu lake akaenda kuzungumza na msimamizi, wakabishana pembeni, na baadaye likafunguliwa chumba kando ya jiko ambacho hulala madereva wa watalii. Kilinuka samaki. Kitanda kilikuwa chembamba na kimoja, mimi nikapewa godoro la chini. Lakini sakafu ni tambarare, choo ni cha kukaa, na mlango unafungukia ufukoni. Mjomba alisema ameshalala pabaya zaidi kwa mshahara mdogo zaidi. Kijana huyo huyo ndiye aliyemwonyesha kibla, kaskazini ukipinda kidogo mashariki, bila kutazama simu. Bei haikupunguzwa. Niliomba, nikaambiwa mashine imeshatoa risiti.

Chakula: tuliagiza ngege wa kukaanga na matoke saa kumi jioni, shilingi 35,000 kila sahani. Alikuja baada ya magharibi. Mjomba aliishi kwa gonja mbili zilizobaki za Lukaya, nami nilikwenda jikoni mara kadhaa hadi mpishi akaanza kunikwepa. Haki itendeke: samaki alipokuja alikuwa mzuri sana, ngozi imekauka inavunjika, nyama ndani nyeupe na laini, ndimu na pilipili pembeni. Mzee akanyamaza akala hadi macho ya samaki. Asubuhi katogo lilikuwa tayari kwa wakati, la matoke na utumbo, na chai ya tangawizi kali. Kwa hiyo si kwamba hawajui kupika. Saa ndiyo haimshughulishi mtu.

Usiku wadudu wa ziwani wanakuja kwa mawingu kufuata taa. Zimeni taa ya nje, fungeni dirisha, wataondoka. Ufuko wenyewe ni mwembamba kuliko ule wa kwenye picha. Mei 2020 maji yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakavuka hata rekodi ya 1964, na katika ghuba hii mtaona misingi ya vibanda na vigogo vya miti vikiwa vimesimama majini. Na kama mna hamu ya kuogelea, kumbukeni kichocho kipo ziwa hili, hasa penye magugu. Mjomba, aliyeingia Nabugabo kwa furaha, Lutoboka hakuvua hata soksi.

Mwenye mashua mmoja alitutembeza ghubani kwa shilingi 60,000. Alianza kuwasha injini, Mjomba akauliza maboya yako wapi. Mwenye mashua akasema maji leo yametulia. Mjomba akamkumbusha mashua ya starehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018 ikaua watu zaidi ya 30, akabaki amesimama nchi kavu, fimbo mkononi, mpaka yakaletwa. Matembezi yalikuwa mazuri, mafupi, na kupanda mashua kulihitaji wanaume wawili. Mwenye mzee mzito aulize kwanza kama ipo mashua inayofika kwenye gati.

Tukirudi tulinunua ngege wa Lwera, tukamfunga kwa majani ya migomba na mfuko juu, na bado gari lilinuka.

Mkienda, basi: feri na Nabugabo bila kusita, Lukaya mkiwa na njaa. Lutoboka nendeni, lakini chumba msikikubali kwa simu. Fikeni mapema, mtu mmoja atangulie akahesabu ngazi, na chakula cha jioni kiagizeni mkiwa bado mnakunywa chai ya asubuhi. Mlinzi wa geti mpeni kitu.

Jamaa wa gari alikata shilingi 50,000 kwenye amana, "ya kuosha murramu". Nilikuwa nimeshachoka, tayari kumwachia. Mjomba akaniomba simu, akamsalimia vizuri, akaulizia watoto wake, kisha akamwomba amkumbushe: kiyoyozi nacho kilikuwa kwenye bei, au kilikuwa zawadi? Zile elfu hamsini ziliingia kwenye simu yangu kabla teksi yetu haijavuka Kawempe.